Shati la Mwisho

Mama Mdogo,

Shikamoo. Huku mvua imekatika, na paka wetu kazaa watatu.

Kwenye mchezo wa shule naigiza mjane. Mwalimu alikuwa ananigombeza: "Unalia mno! Huyu halii, anapiga pasi mashati ya marehemu tu." Nikamwona hajui kitu.

Tangu tumzike Baba, Mama hajatoa hata chozi. Kila asubuhi anapiga pasi shati moja la Baba, analitundika, ananiambia, "Kula, mwanangu, utachelewa."

Jana jukwaani nilifanya kama yeye. Mwalimu akapiga makofi. Mimi nikakimbia nyumbani kuhesabu mashati ya Baba ambayo Mama hajayapiga pasi, maana mjane wa mchezo akimaliza shati la mwisho huvaa viatu, hufunga mlango, na harudi tena.

Yamebaki mawili. Barua hii nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi. Rudi naye huyohuyo.

Mwanao