Siombi Radhi kwa Kuandika Vizuri

Kuanzia Musoma mjini mpaka Bunda, ukipitia na Butiama kabisa, hakuna kichwa kama hiki nilichobeba, na hapo nimejishusha ili wengine wasijisikie vibaya. Wagiriki wa kale waliandikaga tamthilia za huzuni mpaka zikawatoa watu machozi wakiwa wamekaa. Wamekaa! Mimi niliyeishia kidato cha pili nimeandika moja tu, na ukumbi mzima umenyanyuka ukatimua mbio mpaka ziwani.

Leo ni Jumanne, nipo Murangi. Upepo unarusha mchanga hadi ndani ya kibanda changu cha kuchajia simu na roho yangu haijatulia. Kamati ya kanisa imenipa mpaka Jumapili. Nisimame mbele ya waumini wote niombe radhi, la sivyo hawasaini barua ya kuturuhusu kwenda kuigiza Nyasura, kule Bunda, ambako vijana wenzetu wametualika.

Siombi.

Naandika hapa ili ijulikane kwamba siombi, na sababu ninazo.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: simu za watu zikiwa zinajaa chaji, mimi ninasomaga. Asubuhi sayansi, kichwa kikiwa bado cha baridi. Mchana falsafa, maana joto la bati linamfanya mtu ajiulize kama kweli yupo. Jioni tamthilia za kale, kutoka kwenye makaratasi niliyotoa kopi maktaba ya Musoma. Ndiyo maana wananiita Profesa. Wanadhani wananitania.

Katika makaratasi hayo nikajifunza kwamba Wagiriki hawakumwonyesha mtu akifa jukwaani. Kifo kinatokea mbali, kisha anaingia mjumbe, anahema, anasimulia. Pembeni inasimama kwaya, inamwonya mfalme, inalia naye. Nikasema, kumbe! Kwaya tunayo, tena ya kwetu imeshiba majoho. Nikaandika habari ya mfalme mkaidi anayemtuma mwanawe ziwani siku ya upepo, kwaya inamkataza, yeye hasikii.

Mjumbe alikuwa Mgeta, rafiki yangu wa bodaboda, mtu asiyewahi kukimbia kwa miguu yake tangu anunue pikipiki. Jumamosi, siku ya onyesho, alikimbia. Nilimwambia azunguke ukumbi mara tatu kwanza ndipo aingie, ili pumzi zimwishe kwelikweli. Akaingia kwa mlango wa nyuma, katikati ya watazamaji, jasho linatiririka, akapiga kelele:

"Jamani! Mtumbwi umepinduka! Bwire amezama!"

Sasa ndugu yangu, hapa kwetu mtu akiingia mbio na maneno hayo, hakuna anayekaa kusubiri aya inayofuata. Viti vikaanguka. Wanaume wakatoka kwa madirisha. Hata kwaya, ambayo wiki tatu nzima imefanya mazoezi na mimi na inajua mjumbe atakuja, nayo ikatoka na majoho yake inapiga yowe. Mfalme akabaki peke yake jukwaani na taji la boksi, akaniuliza, "Profesa, na mimi niende?"

Mbele ya wote alikuwa Mama Bwire, anayekaanga sato jirani na kibanda changu. Aliingia majini na kitenge chake mpaka kifuani, na kuogelea hajui. Akina mama wanne ndio waliomvuta. Wakiwa wanavutana hivyo, Bwire mwenyewe akatokea na mtumbwi wake, mzima kama mimi, samaki wamejaa, akaona kijiji chote kipo ufukweni.

"Nani kafa?" akauliza.

Mama yake akavua ndala akampiga nayo mgongoni, kisha akamkumbatia, akakataa kumwachia.

Jana kamati ikatuita, mimi na Mgeta. Mwenyekiti, Mzee Mafuru, hakunikaribisha hata kiti.

"Wewe Masatu, shule ilikushinda, sasa umekuja kutuulia watu na mambo ya Wagiriki?"

"Shikamoo, Mzee. Hakuna aliyekufa. Hata kwenye mchezo tulikuwa hatujamaliza kumzika."

Wajumbe wawili wa kamati wakacheka, wakajifanya wanakohoa.

"Baba yake Bwire alichukuliwa na ziwa hilihili. Hujui?"

"Ninajua, Mzee."

"Na kwaya wanasema kwenye mazoezi mjumbe alikuwa anasema 'mtoto wa mfalme'. Jina la Bwire limetoka wapi?"

Nikasema Mgeta alichanganyikiwa kwa ajili ya mbio, akatamka jina la kwanza lililomjia. Mgeta akaangalia sakafu. Ni rafiki yangu wa tangu chekechea.

Halafu nikawapa falsafa. Nikawaambia wenye akili zao waliona zamani kwamba tamthilia ya huzuni kazi yake ni kumtia mtu hofu na huruma, atoke pale moyo umeoshwa. Sasa hofu mmeipata, huruma mmeipata, mnalalamika nini? Mbona mahubiri ya moto wa milele hamuombi radhi, na watoto wanakojoa vitandani? Mzee Mafuru akafunga daftari. Jumapili, akasema, au barua hamna.

Nilitoka pale kifua mbele. Bado nasema: tamthilia ni nzuri. Mpango wa mjumbe ni mzuri. Kama Nyasura hatuendi, tutaigizia hapa nje, juani, na asiyetaka afunge dirisha lake. Kwa kamati siombi radhi leo, wala Jumapili, wala nikiota mvi.

Lakini leo asubuhi Mama Bwire amekuja kibandani. Tangu Jumamosi hakuwa amewasha jiko lake. Sauti imemkauka kwa yale mayowe, anaongea kama anayenong'ona. Ameniwekea sahani ya sato mezani, juu ya makaratasi yangu, akasema, "Mwanangu Masatu, nimesikia mnagombezwa. Msimlaumu sana Mgeta. Mtu akikimbia hivyo akili inaruka. Mimi nimeshamsamehe."

Nikasema asante mama. Samaki sikumgusa.

Sayansi inafundisha hivi: ukitaka kujua kinachosababisha jambo, badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo, kisha utazame. Mazoezini "mtoto wa mfalme" alizama kila siku, na watu waliochungulia madirishani walikuwa wanatafuna miwa tu. Nilitaka kujua kama hofu inakaa kwenye maneno, au inakaa kwenye jina.

Mgeta hakuchanganyikiwa. Jumamosi asubuhi nilimwona Bwire akisukuma mtumbwi kwenda kutega nyavu, nikaenda moja kwa moja kwa Mgeta nikampa lile jina. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia yeye aigize tu, kufikiri aniachie mimi.

Na kile kiti cha mbele kabisa, nilimwekea Mama Bwire mimi mwenyewe, nikakifuta vumbi, ili nimwone vizuri usoni.