Usishuke Kwenye Tembo

Jumapili, Agosti. Sparkbrook. Mvua tangu asubuhi.

Shajara yangu, leo nimesugua damu jikoni. Juu ya vigae imetoka. Katikati ya vigae imebaki, mistari myembamba ya kahawia. Mama alisema itatoka kwa siki. Haijatoka.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu binamu zangu wamezaliwa hapa Birmingham na hawawezi kukusoma. Mimi nililelewa Kisumu mpaka nikamaliza darasa la sita, na Kiswahili ndicho nilichokuwa nikizungumza na Babu.

Babu alikuwa akisema ukoo wetu unatokana na Wamughal, wale wafalme Waislamu waliotawala India. Sijui kama ni kweli. Kila Jumamosi, kabla hajaugua, aliniketisha karibu naye. Mapajani aliweka gazeti lililofunguliwa kwenye bei za hisa, na mdomoni alikuwa na hadithi za wafalme. Kwake yote mawili yalikuwa somo moja.

Aliipenda zaidi hadithi ya mfalme aliyemjengea mkewe lile kaburi jeupe la Agra. Mfalme huyo aliugua. Wamughal hawakuwa na desturi ya kumrithisha mwana wa kwanza. Kila mwana alikuwa na haki, kwa hiyo kila mwana alikuwa na jeshi. Uvumi ulipoenea kwamba baba amekufa, ndugu wanne wakaanza kuwindana. Vita vilipopamba moto, yule mkubwa alishuka kwenye tembo wake ili apande farasi. Askari wake wakaona kiti kitupu juu ya tembo. Wakadhani ameuawa, wakakimbia. Baadaye ndugu yake alimzungusha Delhi juu ya tembo mchafu, amevaa matambara, kisha akaamuru akatwe kichwa. Inasemekana kichwa kilipelekwa kwa baba yao ndani ya sanduku.

"Soko la hisa ndilo jeshi lile," Babu alikuwa akiniambia. "Bei zikianguka, watu huona kiti kitupu, wanakimbia. Wewe nunua kidogo kidogo, kampuni nyingi, pokea gawio lako, tulia. Usishuke kwenye tembo, beti, binti yangu."

Siku moja nilimuuliza hisa zake atamwachia nani, Baba au Chacha, mdogo wake Baba.

Alicheka. "Mwenye nguvu atazichukua. Si sisi ni Wamughal?"

Baba na Chacha walikuwa hapo hapo mezani na vikombe vyao vya chai. Wao hawakucheka.

Mwezi Machi Babu alipata kiharusi. Mdomo ulipinda, maneno yakaisha. Baba, kwa kuwa ndiye mkubwa, akashika akaunti. Bei zilipoanza kushuka aliingiwa na hofu, akauza hisa zote, za kila kampuni ambayo Babu aliichagua kwa subira tangu afike Uingereza. Kisha pesa zote akaziweka kwenye kampuni moja ya samani iliyosifiwa na rafiki yake. Wiki iliyopita kampuni hiyo ilifilisika.

Hakumwambia Chacha. Chacha aliambiwa na mteja, dukani kwake Ladypool Road, huku anampimia kitambaa.

Leo alikuja tukitayarisha chakula cha mchana. Mama alikuwa juu anatandika kitanda cha Babu. Babu alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, karibu na mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, Baba kando yangu.

"Bhai," Chacha alimwita kaka yake. Hakutoa hata salamu. "Hisa za mzee ziko wapi?"

"Keti kwanza, unywe chai."

"Chai ipo? Nilidhani umeiuza nayo."

"Punguza sauti. Mzee yupo."

"Mzee yupo, mali yake ndiyo haipo. Mwizi wewe! Tangu Kisumu. Hata peremende zangu ulikuwa unaiba."

"Rudia."

"Mwizi. Tena mwizi mjinga, maana mwenye akili angebaki na kitu."

Baba alimpiga kofi. Chacha akampiga kichwa cha uso, na nikasikia pua ya Baba ikivunjika, sauti kavu, kama karoti. Halafu mkono ukapita mbele yangu. Nilipotazama ubao wangu, vitunguu vilikuwepo, kisu hakikuwepo.

Kilikuwa mkononi mwa Baba.

Chacha alikidaka kwa kiganja, kwenye makali. Hakukiachia. Walivutana hivyo, wanapumua kama watu wanaobeba kabati, na damu ikamrukia Babu kwenye blanketi la magotini. Kisu kiliteleza kikamchana Chacha kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo cha mkono. Babu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Ndipo Chacha akamnyang'anya Baba kisu, na ndipo Mama akatokea mlangoni.

Mama aliona kisu mkononi mwa Chacha. Hicho ndicho alichowaambia polisi, na hakudanganya. Baba akaongeza, "Alikuja nacho."

Polisi mwanamke aliniinamia akaniuliza kwa upole kama ndivyo ilivyokuwa.

Chacha alikuwa kwenye ngazi za mlangoni, mkono umefungwa kwa taulo letu la bluu, askari wawili kando yake. "Sema, beti," aliniambia. "Wewe ulikuwepo."

Nilitazama vitunguu.

Wakampeleka hospitali, na kutoka huko kituoni.

Jioni Baba alinijia, pua imefungwa bandeji, sauti ya mtu mwenye mafua. "Watarudi kesho asubuhi kukuandikisha maelezo. Wewe ulikuwa umegeuka. Hukuona kitu. Umenielewa?" Kisha akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo. Afadhali angenipiga.

Ninampenda baba yangu. Nikisema, anaweza kufungwa yeye. Nisiposema, atafungwa Chacha, ambaye hakuja na kitu mkononi ila funguo za duka.

Babu naye ninamkasirikia. Kiti cha enzi hakikatiki vipande viwili, lakini hisa zinagawanyika. Angesema tu, "Nusu yako, nusu yako," wakati bado ana ulimi. Alitusimulia vile vita kila wiki, kisha akaviacha viingie jikoni kwetu.

Shuleni miaka yote nilikaa nyuma, karibu na dirisha, mahali ambapo mwalimu hatupi jicho. Nimemaliza shule na nadhani walimu wawili tu ndio wanaojua sauti yangu. Siku zote nilidhani ukimya haumdhuru mtu. Leo nimeona watu wakiutazama ukimya wangu na kuamua kwamba umesema ndiyo.

Nilipokuwa namlisha Babu uji nilimwambia kwamba kesho nitasema nilichoona. Alifumba macho, na sijui ilikuwa ruhusa au ombi ninyamaze.

Sasa Baba yuko sebuleni, televisheni imezimwa. Kabla ya kulala nitamwambia na yeye, ili asinisikie kwa mara ya kwanza mbele ya polisi.

Kesho kengele ya mlango ikilia, nitafungua mimi. Wakitazama juu ya tembo, watanikuta nimekaa.