Tangi la Dada Linaungua Kila Jumamosi

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba neno lako kabla sijafungua mdomo, kwa sababu nikiufungua nitamwita dada yangu wa tumbo moja mwizi, na neno hilo likishatoka sitaweza kulirudisha, wala sina hakika kama mwizi ni yeye, au ni mume wangu, au ni mimi nimerukwa na akili.

Mimi ni mkutubi, niko mwaka wa pili katika ndoa, na mume wangu ni fundi wa miwani, mtu wa vidole vyepesi na subira ambayo ndiyo iliyonifanya nimpende, maana siku nilipompelekea miwani yangu iliyolegea aliinama juu yake kana kwamba duniani hakuna kitu kingine. Sasa subira ileile naiona kila Jumamosi jioni mezani kwangu, lakini si kwa ajili yangu. Dada yangu ni nesi, ameachika, na baada ya kuachika alizidisha sigara hadi mapazia yake yakanuka, ndipo mume wangu akamshauri ahamie sigara ya umeme, akamchagulia betri, akamchagulia tangi la kioo, akamchagulia na katomaiza, yaani kile kibomba chembamba cha chuma kinachopita katikati ya tangi, chenye pamba na waya ndani na kitundu ubavuni cha kuingizia kimiminika. Pamba ikilowa, waya unatoa mvuke. Ikikauka, inaungua, na mtu anakohoa moshi mchungu. Nayajua yote haya na mimi sivuti, nimeyasoma kazini nyuma ya kaunta, kwa wivu.

Dada akiingia habishi hodi. "Shemeji, umeniunguza tena! Sikia koo langu, nazungumza kama dume."

"Unavuta kama unafukuzwa, ndiyo maana."

"Nitakushtaki kwa mkeo."

"Mke wangu hakimu mpole, ataniachia."

Wanacheka, na mimi niko jikoni nasugua sufuria iliyokwisha kutakata zamani. "Mdogo wangu, njoo ukae bwana, vyombo havina miguu," dada huniita, nami najibu nakuja, na siendi, kwa sababu sitaki kukaa pale kama mgeni nikimtazama mume wangu akitoboa kitundu kwa keekee yake ndogo ya kazini, akivuta kimiminika kwa bomba la sindano, akikidondosha kwenye pamba tone kwa tone, kisha wangoje, maana pamba lazima ilowe yote kabla ya kuwasha, na ni kule kungoja kunakoniua, wamekaa tu, wanasema kwa sauti ya chini, mara nasikia jina langu, mara nasikia kicheko cha dada ambacho sijakisikia tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja.

Mshauri, katomaiza iliyofungwa vizuri haiungui ndani ya wiki moja. Zinauzwa zenye kitundu tayari, lakini mume wangu hununua zisizotobolewa, anasema anapenda kutoboa mwenyewe. Kimiminika anachotumia dada ni kizito, na kizito kinataka kitundu kikubwa. Nilitoa ile iliyoungua kwenye pipa la taka nikaitazama kwa lenzi: kitundu kimoja, chembamba kama ncha ya sindano. Mume wangu hukataa miwani kwa kosa la unywele mmoja, atakoseaje hivi kila Jumamosi? Lakini pia nimemsikia akimwambia dada anunue kimiminika chepesi, na dada anarudi na chupa ileile, eti ndiyo ladha aliyoizoea. Mmoja anatoboa kidogo, mwingine analeta kizito, tangi linaungua, na Jumamosi inarudi.

Juzi dada alisahau skafu kwenye kiti cha mume wangu. Niliifua mara mbili. Haikuwa chafu.

Sasa mkataba wa nyumba ya dada unaisha, na mume wangu anasema chumba chetu cha nyuma kiko wazi, kwa nini asihamie kwetu. Anangoja jibu langu. Nikikubali nitakuwa na Jumamosi kila siku. Nikikataa nitaulizwa sababu, nami nitaonyesha nini, kitundu?

Aliyeko Jikoni

JIBU

Wewe uliyeko jikoni, kwanza toka huko. Sufuria imetakata.

Pole, na sikutanii. Kusikia watu wako wawili wakicheka katika chumba usichokuwamo kunauma. Lakini hebu jitazame: umesoma, umefukua pipa la taka, umepima kitundu kwa lenzi, na hujamuuliza mumeo swali hata moja. Unaishi naye au unamchunguza?

Mimi siujui moyo wa mumeo, na yeyote atakayekwambia ameusoma kwenye katomaiza anakudanganya. Huenda anatoboa kidogo kwa kuogopa tangi lisivuje, mafundi wasafi ndivyo walivyo. Huenda anapenda kuhitajiwa. Huenda ni hilohilo unaloliogopa, na sitakuficha kwamba linawezekana.

Ila kuna mtu umemsahau katika hesabu yako. Umeandika mwenyewe kwamba dada anakuita ukae, na kwamba wakingoja jina lako linatajwa. Mwanamke aliyeachika akija na mikono mitupu anaogopa kuonewa huruma. Akija na tangi bovu, amekuja kutengenezewa tangi. Umewahi kufikiri kwamba anayemfuata ni wewe, naye kila wiki anaambulia shemeji? Nimesema huenda. Sasa nenda ukajue.

Kabla ya Jumamosi nunua katomaiza mwenyewe, iliyotobolewa tayari, ya kitundu kikubwa kinachofaa kimiminika kizito, na mwulize muuzaji kama inaendana na nguvu ya betri ya dada. Dada akiingia akipiga kelele za shemeji, jibu wewe: "Leo fundi ni mimi." Vaa glavu, kwa sababu kimiminika kile kina nikotini nayo ni sumu, haifai kukaa kwenye ngozi wala mahali mtoto anapofika. Lowesha pamba polepole hadi ing'ae, ingiza kibomba mpaka kitundu kikae karibu na kitako cha tangi, jaza pembeni yake, usimwagie ndani ya kibomba. Kisha ngojeni, wewe na dada. Mumeo mtume jikoni akaisugue hiyo sufuria.

Na katika kungoja huko usimwite mtu mwizi. Mwambie dada, "Nimekuwa nakuonea wivu," halafu nyamaza umsikilize. Siku hiyohiyo muulize mumeo kwa nini kitundu ni kidogo, umuulize kama mke, si kama askari.

Kuhusu chumba, mwambie mumeo jibu litakuja tangi likishakaa bila kuungua. Dada akiendelea kuja na tangi zima, angalia anakaa upande wa nani. Akikaa upande wako, mfungulie chumba. Lakini mkono wa mtu ukirudi kutoboa kidogo baada ya wote kujua, sema chumba hakipo, na usitoe maelezo, nyumba ni yako pia.

Skafu mrudishie wewe mwenyewe, na mwambie uliifua mara mbili. Ni dada yako, atacheka sana, na safari hii utakuwa umekaa palepale kicheko kinapotokea.