Msiba wa Jemadari

Kaka Zhenhai,

Hatujambo. Kabichi tumeshaitia chumvi, na mbuzi kazaa mapacha.

Jumapili jirani yetu Guifen na mumewe walikuja kwetu tutazame ile filamu ya vita vya kale uliyoigiza kama askari. Tulitafuna mbegu za alizeti huku tukikutafuta jeshini. Jemadari alipokufa ukatokea, umevaa nguo nyeupe za msiba, umepiga magoti kwenye tope, unalia mpaka kamasi zinakutoka.

"Huyu kakako analia kama kafiwa na baba," Guifen akasema, kisha akajiziba mdomo.

Baba alipofariki ulisema huwezi kuja, kuna tukio kubwa mnarekodi. Kumbe ndilo hilo. Chungu cha mazishi, ambacho huvunjwa na mtoto wa kiume wa kwanza, nilikivunja mimi, mtoto wa kike, na baba zetu wadogo wakageuza nyuso.

Sitakusamehe. Lakini mama ananiudhi kuliko wewe. Kila siku anataka nimrudishie pale unapolia. Jana kaichukua picha ya baba, kaielekeza kwenye televisheni.

"Mwache naye aone," akaniambia, "mwanawe anavyomlilia."

Ni mimi niliyevunja chungu chako,
Cuilan