Kuku wa Jemadari Wamegoma Kula

Siku ya Mirihi, siku mbili kabla ya nusu ya Juni

Andika, Filo. Kuku watakatifu wazima, ila yule mwekundu ana kikohozi. Tangu ujana nawafuga kuku wa jeshi la Roma. Majemadari wote mchezo wao mmoja — "Bibi, walaze njaa," ili asubuhi wadonoe nafaka mbele ya vijana, vijana waseme miungu imekubali. Hata marehemu mume wangu alisadiki, yeye ambaye kwa ulevi mji mzima wa Kapua — basi, huyo tumwache.

Adui bado yuko kileleni mwa mlima. Hashuki. Kumpandia ni kujiua.

Siku ya Utaridi, siku moja kabla

Jemadari Opita kaja bandani mwenyewe. "Mama, kesho alfajiri washibishe."

Nikamwambia, mwanangu, kuku aliyeshiba hadonoi kitu, jeshi litakufa moyo.

Akacheka. Kasema wachuuzi wa zeituni wanauza kwetu, kisha wanauza kwa adui. Habari ya kuku itapanda mlima upesi. Mtu humrukia anayetetemeka.

"Na vijana wetu?"

"Nyuma yao mto, Mama. Mwoga asiye na pa kukimbilia hupigana kuliko shujaa."

Kichwa hicho! Wenzake huomba bahati. Huyu anaitegea mtego kama kware.

Ila kaniapisha nisimwambie mtu. Hata Numerio, mwanangu, na yuko mstari wa mbele. Wewe Filo si mtu, wewe kalamu.

Siku ya Mshtarii, nusu ya Juni

Wamegoma. Wamezitazama nafaka kama wifi atazamavyo mchuzi wa bi arusi.

Numerio kaja, midomo imemkauka. "Mama, kweli wamekataa?"

"Si umeona mwenyewe."

"Basi shika pete ya baba. Setio wa safu yetu kasema leo tunachinjwa sisi."

"Mwambie Setio kuku ana nyama kumshinda."

Hakucheka. Ulimi uliniwasha — neno moja tu, mtoto angetembea wima. Lakini hofu yake ndiyo chambo. Nikaipokea pete. Nikamfunga kamba ya kofia ya chuma, kidevu kinatetemeka mkononi mwangu.

Pembe za vita hizo zinalia. Filo, chungulia. Adui wanashuka? Wote? Ee Opita, mwana wa mama yako — wanashuka kweli, mbio, wanacheka.

Na wetu wanarudi nyuma. Wamefika mtoni. Wamesimama.

Numerio unamwona? Yule mrefu, kushoto. Yuko wima au — macho yangu haya. Acha kuandika, Filo. Nitazamie.