Dume wa Kuzalisha Kware Wangu

Jumatatu, 4 Juni 1984
Nimesafisha banda la kware. Jike mwingine amenyonyolewa manyoya ya kichwa, damu imeganda. Madume ni wengi mno. Wanapigana mchana kutwa na kuwachosha majike. Mayai ya mwezi uliopita hayakuwa na mbegu, hata moja. Paskali, mume wangu, ameshasema: yanayofuata yasipoanguliwa, kware wote supu siku ya kipaimara cha binti yetu. Nimekasirika. Keshokutwa nawatenganisha.

Jumatano, 6 Juni
Ukungu hadi saa nne. Nimewashika mmoja mmoja dirishani. Kifua cha rangi ya kutu, hakina madoa: dume. Chenye madoadoa: jike. Kulikuwa na mmoja, ningeapa ni dume. Akanitagia yai kiganjani! Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Ijumaa, 8 Juni
Siku ya kuchagua dume. Nilianza na yule mkubwa kuliko wote. Akawadonoa majike mpaka wakajibanza kwenye kona. Nikamtoa. Nikamjaribu yule niliyempata kwa kubadilishana na mama mmoja wa kijiji cha Baray, dume asiye na undugu na majike wangu. Si mkubwa. Kifua kipana, miguu imenyooka, macho maangavu. Nilipombonyeza nyuma likatoka povu jeupe, zito. Dume kamili. Akaita mara moja tu, majike wakamsogelea. Huyu! Huyu huyu!

Alhamisi, 14 Juni
Kware wangu hawaatamii, wanataga na kwenda zao. Mama mkwe huwaita panya wenye mabawa. Leo kaja mwenyewe, kamkumbatia kuku wake anayetaka kuatamia. "Chukua. Ila akidhurika, mimi na wewe tutaonana." Nimeshangaa. Nimemlaza kuku juu ya mayai jikoni, nyuma ya kuni.

Alhamisi, 21 Juni
Nimefunga mlango wa jiko, nikamulika mayai kwa tochi. Mishipa! Myekundu, myembamba kama uzi. Karibu kila yai. Nimekimbia hadi shambani, Paskali anavuna maharage. "Mishipa siyo vifaranga," akasema. Sijali. Nimeimba hadi jioni.

Jumanne, 26 Juni
Siafu. Wameingia bandani alfajiri. Majike tumewaokoa. Dume wangu amekufa, wamemfunika mwili mzima. Kisha wakaelekea jikoni. Mama mkwe akamnyanyua kuku pamoja na mayai ndani ya shuka lake. Siafu walimuuma shingoni, hakuachia. Paskali akamwaga majivu ya moto mlangoni. Nimelia. Dume mwingine kama yule sina. Kilichobaki chake kiko ndani ya mayai, na mayai yalipoa. Naogopa.

Jumamosi, 30 Juni
Nimeweka yai sikioni. Linagongwa kwa ndani! Mama mkwe naye akasikiliza. Akanibana mkono, ikauma. Nimezunguka jiko siku nzima.

Jumapili, 1 Julai
Wameanguliwa. Siyo wote, lakini wengi. Wadogo kuliko kidole gumba changu.
Paskali alibaki nyumbani kuwaangalia. Nimerudi kutoka misa, nimemkuta sakafuni jikoni, chai yake imepoa, kifaranga kiganjani. Nikamwita kwa sauti ya furaha.
"Polepole," akasema. "Utamwamsha."