Kwa Josias Pargeter, Uliyetunga Utenzi wa Adamu na Hawa Gerezani

Mwaka umepita, Josias, tangu walipokutoa gerezani ukiwa umeviringishwa shuka, homa imekumaliza, nasi tukakupokea kwa mkokoteni wa jirani.

Kabla hujawa mfungwa ulikuwa mchungaji wetu. Mfalme wa Uingereza aliporudi kutoka uhamishoni, uliambiwa usome sala walizozitaka watu wake au uiache mimbari. Ukaiacha. Ukawahubiria wakulima wa hapa Norfolk ghalani, hadi askari walipokukamata.

Ulipenda mkate mkavu wa shayiri, ukiuchovya kwenye bia. Hukuwahi kumfokea mtoto. Maskini akifiwa, ulishika sepetu ukachimba naye kaburi.

Mle ndani walikunyima karatasi. Basi utenzi wako uliutunga kichwani, ukatutamkia mstari kwa mstari kupitia nondo za dirisha, nasi tumesimama matopeni tukiukariri. Mlinzi alikuwa akikucheka: "Mchungaji, nyoka kafika wapi leo?" Baadaye akawa anauliza kwa dhati: "Hawa keshalila tunda, au bado?"

Mimi mkeo Damaris ulinipa kuumbwa kwa dunia na vita vya malaika. Binti yetu Thomasin ulimpa nyoka na tunda. Nilikutania, "Mbona huyu Hawa wako ana maneno kuliko mumewe?" Ukacheka. "Nitamnyamazishaje, na nimemchukua kwako?"

Sehemu ya mwisho, ya kufukuzwa bustanini, ulimpa dada yako Keziah peke yake, juma lile mimi na Thomasin tulipokuwa kitandani wagonjwa. Haukupita muda ukafa.

Tulipopata karatasi tulimsihi Keziah atangulie. Akakataa. "Kaka hakuanzia mwishoni. Semeni yenu kwanza, mimi nipo." Tulikuwa tumefika kwenye tunda alipoanguka jikoni. Alipozinduka, upande wa kulia ulikuwa umepooza, na ulimi pia. Kuandika hakufundishwa kamwe.

Josias, anaujua mwisho wote! Tunamtajia maneno, anatikisa kichwa. Siyo. Siyo. Thomasin alitunga mistari yake mwenyewe kuziba pengo. Shangazi yake akampokonya karatasi akaitupa motoni. Tumefunga, tumeomba, tumemlilia Mungu aliyekupa maneno yale kisha akayafungia kinywani mwa dadako. Hajajibu.

Jumapili hii tulimkalisha mezani, tukausoma utenzi hadi pale tulipokwama. Keziah akainua mkono wa kushoto, akaanza kugonga meza. Ulikuwa mdundo wa mistari yako, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea, machozi yakimtiririka. Aligonga hadi jua likahama dirishani. Kisha akalaza kiganja mezani, akatutazama kama mtu aliyekwisha sema yote.

Thomasin akapiga magoti mbele yake. "Shangazi, baba aliweka neno lolote la faraja mle mwishoni? Hata moja?"

Akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena, kwa nguvu.

Lipo, basi. Ni lipi, hatujui.

Tunaokukumbuka ni mimi Damaris mkeo, binti yako Thomasin, na dada yako Keziah, ambaye bado analo.

Hatutakusahau, mpenzi wetu, siku zote tulizobakiza.